Mwana wa Zoezi la Tatu

Darasa la Kiingereza la watu wazima lilikuwa Jumanne na Alhamisi jioni, katika chumba cha nyuma ya kanisa ambamo viti vya harusi hutunzwa. Wanafunzi walikuwa wanawake, wengi wa makamo, na kila mmoja alikalia kiti chenye utepe mweupe uliochakaa mgongoni. Mama Sweta alikaa karibu na dirisha kwa sababu ya macho. Aliitwa hivyo kwa kuwa alifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, na mtaani pale hakuna mtoto aliyemaliza shule bila kuwashwa shingo na kazi yake.

Ticha alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzi juzi, na aliwaita wote "mama" kabla ya kuwakosoa. Njia yake ilikuwa moja. Alisoma hadithi fupi ya mambo ya kila siku: mtu anakwenda dukani, mtu anangoja basi, mtu ana paka. Kisha anauliza maswali. Nani ana paka? Paka ana rangi gani? Wanawake wanajibu kwa pamoja, kwa sauti ileile wanayoitikia sala.

Zoezi la tatu lilikuwa kuandika hadithi yako mwenyewe kuhusu familia. Mama Sweta aliandika kwa Kiingereza, kwa maneno aliyokuwa nayo: Nina mwana. Mwanangu ni mwema. Anakuja kila Jumapili. Analeta mkate. Anaosha sahani.

Ticha akampa alama ya vema kwa wino mwekundu.

Kiti cha pili alikaa jirani yake, aliyeitwa Redio kwa sababu alianza kutangaza alfajiri na hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alisoma kwa kidole mpaka mwisho, akainama.

"We mwenzangu, huyu mwana wa Jumapili anapitia dirishani? Maana mimi na wewe tunakaa ukuta kwa ukuta, na sijamtia machoni tangu tulipomzika baba yake."

"Ni zoezi tu."

"Zoezi la uongo, na humu ni nyuma ya madhabahu."

Mama Sweta akafunika daftari kwa kiganja.

Jumapili ile, Mama Sweta ametoka ibadani na hajavua kitambaa cha kichwa, mlango uligongwa. Alisimama mwanamume mwenye shati jeupe, suruali nyeusi na viatu vinavyong'aa, ameshika mkate kwa mikono miwili. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kila neno likisimama peke yake:

"Mama. Mimi ni mwanao. Leo ni Jumapili. Huu ni mkate."

Mama Sweta akampisha. Mtu hafukuzwi akiwa na mkate mkononi. Wakanywa chai. Halafu yule mtu akakunja mikono ya shati, akaosha sahani zote zilizokuwa kabatini. Zilikuwa safi tayari, lakini aliziosha, akazifuta, akazipanga kwa ukubwa, akaaga.

Hakuwa mwanawe. Mzazi hahitaji taa kulijua hilo. Mwanawe ana kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto, alilolipata akiwa anatambaa, na mkono wa huyu ulikuwa laini kama karatasi. Uso wake ulikuwa uso wa mtu mwema, basi, kwa kuwa hakuandikiwa sifa nyingine. Mama Sweta alipomwuliza kwa lugha ya nyumbani ametokea wapi, alitabasamu kwa heshima na kujibu, "Yesi."

Tabasamu lile Mama Sweta alilifahamu. Aliwahi kulivaa mwenyewe.

Mwaka uliotangulia mwanawe, ambaye ni mkubwa katika ofisi ya bima, alihamia nyumba mpya akamwita mama yake aje kuiona. Mama alikwenda na sweta za wajukuu ndani ya mfuko. Sebuleni kulikuwa na wageni wa ofisini. Mmoja wao, mwanamume mrefu mwenye miwani, alimsogelea pale mlangoni akamwuliza jambo kwa Kiingereza. Mama Sweta alikuwa na neno moja tu la lugha hiyo, akalitoa kwa adabu zote: "Yesi." Yule bwana akampa sahani yake chafu. Wengine walipoona hivyo, nao wakampa za kwao. Mwanawe alikuwa amesimama karibu na kochi. Aliona. Akainamia simu yake. Mama Sweta aliosha vyombo mpaka vikaisha, akauacha mfuko wa sweta juu ya friji, akarudi kwake. Njia nzima alijiuliza ameulizwa nini. Ndiyo sababu alijiandikisha darasani.

Yule wa zoezi akawa anakuja kila Jumapili. Mvua inyeshe au jua liwake, viatu vilikuwa vinang'aa vilevile na mkate ulikuwa wa moto. Mtaa ulimzoea. Hakuna aliyeuliza sana. Mtu anayemtembelea mama yake hana haja ya kitambulisho. Kina mama walimpa Mama Sweta hongera kwenye foleni ya maji. "Mungu akikupa mtoto, akupe wa namna hii," walisema. Mama Sweta alijibu amina na kutazama ndoo. Mchungaji mwenyewe alimtaja katika mahubiri kama mfano wa malezi, na Mama Sweta akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, wengine wakadhani ni unyenyekevu.

Alijaribu kurekebisha. Alhamisi moja aliandika hadithi nyingine: Mwanangu haji. Ticha akaizungushia duara jekundu. "Mama, hapa umejipinga. Zoezi la tatu ulisema anakuja. Msomaji atachanganyikiwa. Chagua moja."

Aliyekuwa anakuja alikuwa ameshakuja mara nyingi. Mama Sweta akafuta.

Siku hiyohiyo Ticha alisoma hadithi ya nyumba yenye wageni. Mgeni anamwuliza mwanamke: Je, wewe ni mfanyakazi wa ndani? Mwanamke anajibu: Ndiyo. Mama Sweta aliitambua ile sauti ya swali kama mtu anavyotambua hatua za mdai nje ya mlango, hata kabla hajabisha. Ndilo swali lenyewe, neno kwa neno.

"Kwa nini mwanamke anaosha sahani?" aliuliza Ticha.

"Kwa sababu ni mfanyakazi wa ndani," waliitikia wote. Mama Sweta naye aliitikia, nyuma kidogo ya wenzake.

Watu walipotoka yeye alibaki, anakunja mtandio wake mara ya pili.

"Ticha, aibu kwa Kiingereza inaitwaje?"

"Aibu iko kitabu cha pili, mama. Usiwe na haraka, tutafika."

Basi akatumia aliyokuwa nayo. Alitunga sentensi mbili: Mimi ni mama yake. Mimi si mfanyakazi wa ndani. Alizisema huku anavuta mashine, kwenda na kurudi, mstari mmoja wa sweta sentensi moja. Jumapili alizisema mbele ya yule wa zoezi, naye alimsahihisha kwa upole, mikono ikiwa na povu, mpaka zikanyooka. "Vizuri sana, mama," alisema. Alichotaka Mama Sweta si kingine: siku mwanawe atakapokuja, azisikie. Asikie kwamba sasa mama yake anajua aliulizwa nini siku ile, na yeye pia aseme neno moja.

Aliyemleta mwanawe ni Redio. Alimkuta nje ya ofisi ya bima akamshika mkono hadharani. "Hongera, mwanangu! Unavyomtunza mama! Kila Jumapili, na mkate juu!"

Jumapili iliyofuata gari lilisimama nje. Mwana aliingia akiwa amevaa suti, mama akiwa anakata ule mkate.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nasikia huwa nakuja hapa kila Jumapili."

"Ndiyo. Huwa unakuja."

"Nipo wapi sasa hivi?"

"Unaosha sahani."

Mwana akachungulia jikoni. Wakasalimiana kwa Kiingereza, wakasemezana kidogo kuhusu hali ya hewa, maana yule wa zoezi mambo ya hali ya hewa aliyajua vizuri. Mwana akarudi, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga.

"Anadai chochote?"

"Hadai."

"Ana tabia mbaya?"

"Hana tabia."

"Basi si neno, mama. Unajua kazi zangu. Bora hata kuna anayekuja."

"Baba, kaa vizuri kwanza," mama alisema. Akafuta mikono kwa khanga. "Kuna kitu nimejifunza, nataka unisikilize."

Akafungua kinywa. Pazia la mlangoni likasogea, akaingia yule bwana mrefu mwenye miwani. Alikuwa amengoja garini mpaka jua likamchosha. Alisalimia kwa Kiingereza, akaangalia mashine, nyuzi, picha ya marehemu ukutani, kisha akamwuliza mwana hapa ni kwa nani.

"Huyu mama alikuwa akitufumia sweta tulipokuwa wadogo," mwana alijibu kwa Kiingereza. "Nimepita kumjulia hali. Yule jikoni ni mwanawe."

Mama Sweta alielewa kila neno. Hazikuwa sentensi ngumu. Zote zilikuwa za kitabu cha kwanza.

Yule bwana akamgeukia. Hakumkumbuka. Alikuwa mtu wa adabu, akaliuliza swali lake taratibu ili mama wa watu aelewe: "Je, yule ni mwanao?"

Jikoni sahani zilikuwa zinagongana kidogo. Mwana akatoa simu mfukoni, simu ambayo haikuwa imelia, akaiinamia. Mkono wa suti ulipanda, na kovu la pasi likaonekana, limenyooka na kupauka kadiri mkono ulivyokua. Mama Sweta alilitazama. Sentensi zake mbili alikuwa nazo mdomoni, zimesahihishwa, hazina kosa.

"Yesi," alisema.

"Una bahati," alisema yule bwana.

Mwana alikuwa wa mwisho kutoka. Mlangoni alisogeza mdomo karibu na sikio la mama yake, akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini, "Asante, mama."

"Haya, baba. Nendeni salama."

Redio, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa ukuta kwa shughuli zake, alikuja jioni kuazima chumvi. Alimtazama mwenzake usoni. "Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha," alisema, akaondoka bila chumvi.

Mwana hakuja tena, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa na mtu. Yule wa zoezi hakukosa. Siku hizi Mama Sweta huacha sahani za Jumamosi bila kuziosha, ili Jumapili mtoto wa watu asihangaike na sahani safi.

Darasa likafika kitabu cha pili. Ticha aliliandika lile neno, aibu, ubaoni, akaeleza maana yake, akawataka watunge sentensi inayohusu familia. Mama Sweta aliandika, akapeleka daftari mbele. Ticha akasoma: Mwanangu anakuja kila Jumapili.

"Sentensi ni safi, mama," alisema Ticha, "lakini neno lenyewe halimo."

Mama Sweta akaomba radhi, akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ticha akafikiri kidogo, akampa alama ya vema.