Mahali pa Kuweka Kompyuta

Jumamosi baada ya chai ya saa kumi, Wakiuru alipiga magoti kwenye kona ya sebule ya mama yake huko Tetu, akaipima sakafu kwa tepu. Upana sentimita mia moja na ishirini, kina sabini. Akachora mstatili kwa chaki. Hapo ndipo ingekaa meza, na juu ya meza, kompyuta ya kwanza ambayo angeiunda mwenyewe kipande kwa kipande.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba za watu. Kwa miaka tisa alikuwa amewachorea wengine vyumba vya kulala kwa laptopu iliyopata moto kama kikaango na kuzimika kila alipofika kwenye paa. Sasa alitaka mashine ya kudumu. Orodha yake ilijaza kurasa mbili za daftari: kasha pana la feni tatu, pawa saplai yenye nguvu kuliko alivyohitaji leo, bodi yenye nafasi mbili za kuongezea memori siku za mbele. Moffat, fundi wa kompyuta mjini Nyeri, aliipitia yote na kalamu yake haikupata pa kukata.

"Hii itakaa miaka kumi na tano," alisema. "Lakini itakaa wapi? Mashine kama hii haipendi kuhamishwa-hamishwa."

Nyumbani, Wakiuru alijibu, upesi mno. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Jumatatu mpimaji alikuwa anakuja kugawa shamba.

Kaka yake mkubwa, Theuri, aliyekuwa ametoka Timau kwa ajili ya shughuli hiyo, aliuruka mstatili akiwa na kikombe mkononi.

"Si ununue laptop tu?" alisema, bila ubaya wowote. "Msichana ananunua kitu ya kubeba. Ukiolewa, hii yote utabeba na nini?"

Msichana mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na minane.

"Mami, umesikia?" Wakiuru aliuliza.

Kabura, mama yao, alisema maharagwe ya msimu huu yana mawe mengi, akaendelea kuyachambua.

Jumapili walipotoka kanisani walikuta matoka yameota kwenye ile chaki. Ni yale maua ambayo wazee hupanda mpakani, na huko Tetu hakuna anayethubutu kuyang'oa. Yalikuwa yametoboa saruji bila kuipasua, mstari mnyoofu pande zote nne. Kabura aliyamwagilia maji yaliyobaki kwenye birika. Theuri alisogeza kochi ili yapate mwanga.

Jumatatu mpimaji, Barnabas, mtu wa Bungoma aliyezoea desturi za wenyeji, alipima upande wa mto akaandika Theuri. Upande wa barabara, pamoja na nyumba, akaandika Kingori, mdogo wao wa kiume, kitindamimba, ambaye alikuwa kazini Kutus na hakuona haja ya kuja. Mwisho akaingia sebuleni, akavua kofia.

"Na hii mpaka ni ya nani?"

"Ni yangu," Wakiuru alisema.

"Ni yake," Theuri alikubali. Mpaka ni mpaka.

Barnabas aliuchora ndani ya kipande cha Kingori na kuandika jina la Wakiuru kwa herufi ndogo, maana nafasi haikutosha kubwa. Wakiuru alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Kisha akaiinamia ramani kwa macho ya kazi yake, akitafuta njia. Kila kipande kilikuwa na njia ya kukifikia, isipokuwa chake.

"Nitakuwa nikipita wapi?"

"Hiyo haiko kwenye fomu, madam. Utaomba mwenye nyumba."

Kufikia Agosti kompyuta ilikuwa imekamilika. Ilifanya kazi bila kupata moto, feni zikivuma polepole, na matoka yakatoa maua kuizunguka. Mwezi huo huo Kingori alihamia nyumbani na mkewe, na Wakiuru akapanga chumba mjini. Kila asubuhi hurudi Tetu, husimama kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa na kupiga hodi. Mke wa Kingori si mtu mbaya. Siku nyingi humfungulia.