Sahihi ya Nyakio

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, na watu wa kijiji chetu cha Bahati bado wananiita Mwalimu hata wakinikuta nimebeba samadi. Nasema hivi mapema ili ujue kwamba nilipokosea, sikukosea kwa kutojua kusoma.

Mambo yalianza na mwaliko. Kampuni moja ya dawa za kuua wadudu wa mimea iliitisha kikao cha kuchukua maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya. Serikali ilikuwa imefunga mkataba wa biashara na nchi moja ya ng'ambo, na mkataba huo ulitaka dawa yoyote iliyoidhinishwa kule iingie kwetu moja kwa moja, bila kupimwa tena na wataalamu wetu. Wenyewe waliita hilo kuondoa vikwazo. Kikwazo kilikuwa sisi na afya yetu, lakini nani angesema hivyo mbele ya wageni? Mimi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, niliombwa nilete watu thelathini. Niliwaleta, tena nikiwa nimevaa tai.

Tulikutana katika hoteli moja mjini Nakuru. Msichana wa kampuni, Jackie, alituonyesha kwa saa mbili picha za kabichi zinazong'aa, akieleza kwa Kiingereza. Mara mojamoja alikumbuka kwamba tupo, akauliza "si ndio?" nasi tukaitikia "ndio." Kufikia saa saba harufu ya kuku ilikuwa imeingia ukumbini. Hapo ndipo dada yangu Nyakio alipoinua mkono.

Nyakio ni kitinda mimba wetu. Mumewe, Wanyoike, alinyunyizia kabichi zao dawa fulani ya viwavi miaka mingi, mpaka mikono yake ikaanza kutetemeka. Hakuwa peke yake, na baadaye serikali iliipiga marufuku dawa hiyo. Ilipotoweka madukani, mikono ya Wanyoike ilitulia polepole, akaweza tena kunywa chai bila kumwagia shati.

"Madam," Nyakio alisema, "mimi nauliza kitu moja tu. Ile dawa ya viwavi serikali ilikataza, hii sheria yenu inairudisha ama hairudishi?"

Jackie alitabasamu. "Hiyo ni swali poa sana, mathe. Tutaijibu after lunch."

"Sitaki after lunch. Nataka saa hii."

Watu wakageuka kunitazama mimi, mwenyekiti wao. Nikaona aibu, ile aibu ya kijinga ya mtu ambaye ndugu yake anaharibu sherehe. Nikamwambia dada yangu, "Mama Jamleck, si uwache watu wakule kwanza?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nyakio alichukua mkoba wake akatoka, hajala na hajasaini popote. Swali lake halikujibiwa baada ya chakula wala siku nyingine yoyote.

Baadaye karatasi ya mahudhurio ilizungushwa. Kila aliyesaini alikuwa apewe nauli na pampu mpya ya kunyunyizia dawa. Sasa, huku kwetu mtu akiondoka mapema mkutanoni, mwenzake humsainia ili asikose kitu chake. Tumefanya hivyo kwa chifu, kwa ushirika wa maziwa, hata kanisani, na asiyemsainia mwenzake huonekana mchoyo. Nami nilikuwa najuta kidogo kwa kuwafanya watu wamcheke dada yangu. Basi chini ya jina langu niliandika jina lake, nikamwekea na sahihi. Sikusoma maneno madogo yaliyokuwa juu ya karatasi. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kutosoma maagizo ya mtihani! Yalisema kwamba walioandikwa hapo wamehudhuria na wanaunga mkono kanuni zote.

Nilimpelekea pampu yake jioni hiyo. Nilimwambia kampuni imewapa wote. Alinishukuru, na akanipikia chapati.

Mwaka haukuisha kabla ya dawa ile kurudi, chupa mpya, jina jipya. Huko inakotengenezwa, wakulima wao wenyewe hawaruhusiwi kuigusa. Iliidhinishwa itengenezwe na kuuzwa nje tu. Nje ndiyo Bahati. Wanyoike aliinunua bila kujua, akainyunyizia msimu mzima. Nyakio alipopeleka chupa kwa daktari na kuambiwa ni dawa ile ile, mumewe alikuwa tayari analishwa uji kwa kijiko.

Dada yangu hakulia. Aliandika malalamiko, akazunguka Bahati akikusanya majina, na kamati ya wabunge ilipokuja Nakuru kusikiliza watu, alipewa nafasi. Alitaka kanuni zile zifutwe kwa sababu wakulima hawakukubaliana nazo. Aliniomba nimsindikize. Nilikaa nyuma yake, kiti cha pili.

Alizungumza vizuri, hata wabunge wawili waliacha simu zao. Kisha wakili wa kampuni akasimama na karatasi mkononi, nami nikaijua kabla hajaikunjua.

"Mama, umesema wakulima hawakukubali. Hii hapa namba kumi na saba, si jina lako na sahihi yako?"

Mwenyekiti wa kamati aliingilia. "Mama, kama si yako sema tu. Hii orodha yote itaanguka, na hizi kanuni tutazisimamisha leo. Na huyo aliyeghushi atatoka hapa na polisi."

Nyakio aliuangalia mwandiko kwenye karatasi. Alijifunza kuandika kwa kunakili madaftari yangu ya shule, kwa hiyo mwandiko wangu anaujua kuliko mtu yeyote duniani. Aligeuka akanitazama.

Nilipaswa kusimama. Maneno yenyewe yalikuwa machache: ni mimi niliyeandika. Badala yake nikafikiria cheo changu cha mzee wa kanisa, nikafikiria wanafunzi wangu wa zamani wakisikia Mwalimu amefungwa kwa kughushi. Magoti yangu hayakuwa na ugonjwa wowote. Nilikaa tu.

"Ni yangu," Nyakio alisema.

"Ongeza sauti, mama."

"Nimesema ni yangu."

Malalamiko yakatupwa papo hapo. Tulipofika nje nilijaribu kumshika bega, nikaanza, "Nyakio, asante..."

"Usiniambie asante, Baba Lynn," alisema. "Wewe ni ndugu yangu, singekupeana kwa polisi. Lakini enda umwambie Wanyoike ni nani alisaini. Mimi siwezi."

Sasa ni miezi mitano. Kila Jumapili baada ya ibada Wanyoike hunisubiri langoni, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili ili isitetemeke sana.

"Mwalimu," huniambia, "asante kwa kupeleka mama watoto Nakuru. Kama si wewe, nani angesimama na yeye?"

Nami humjibu, "Karibu."