Nati za Buluu

Katika karakana yake kando ya barabara ipandayo kutoka Duitama, mzee Belarmino Suescún alifunga magurudumu ya baiskeli kwa nati, wala hakutaka kusikia habari nyingine. Fundi anayejiheshimu, alisema, huiketisha ekseli katika mianya ya uma, huweka washa, kile kibati cha duara chenye tundu, kisha hukaza kwa spana mpaka mkono wenyewe uridhike. Wale waliotumia wenzo, ule wenye chuma chembamba kipitacho ndani ya ekseli na mpini unaokunjwa kwa kiganja, aliwaita watu wa pupa. Ujanani alimwona mwenzake akibwagwa mteremkoni, gurudumu la namna hiyo limechomoka. Hakupata kuuliza kama mwenzake aliukunja wenzo au aliuzungusha tu kama nati.

Marleny, mjukuu aliyemlea tangu utotoni, alikuwa ameomba wenzo mwaka mzima. Sasa kocha kutoka mji wa Tunja alikuwa anakuja kwenye mashindano kuchagua msichana mmoja wa timu ya baiskeli ya jimbo, na mlimani hapakuwa na mwepesi kama Marleny. Don Chepe, jirani mwenye lori la maziwa, alijaribu kumsemea kwa mzaha.

"Wewe Belarmino, ukiachiwa utafunga hata mlango wa kanisa kwa nati."

"Na hautachomoka," akajibu mzee.

Ikafika sikukuu ya Bikira wa Karmeli, ambapo malori na baiskeli hupelekwa kanisani kubarikiwa. Siku chache kabla yake mzee aliipaka baiskeli ya Marleny rangi ya buluu, magurudumu yakiwa mahali pake, akapitisha brashi hata juu ya nati ili pasionekane doa. Padri akanyunyiza maji. Kwa desturi ya nyumba ya Suescún, chombo kilichobarikiwa hakifunguliwi hata skrubu kabla ya safari yake ya kwanza baada ya baraka, na safari hiyo ingekuwa mashindano yenyewe. Marleny alitaka kuzilegeza nati na kuzikaza upya. Mzee akamkataza kwa neno moja, naye msichana akairudisha spana kwenye msumari wake.

Siku ya mashindano mzee alifuata nyuma katika lori la Chepe, gurudumu la akiba mapajani. Mlimani Marleny alikuwa amebaki mbele peke yake, ndipo tairi la mbele lilipopata pancha. Mzee akashuka mbio. Spana haikuuma. Rangi ilikuwa imejaa kwenye pembe za nati na kuigandisha na washa. Alipoisukuma kwa nguvu, spana ikateleza na kuzisaga zile pembe. Akachokoa rangi kwa kisu. Msichana wa kwanza akapita, kisha wawili pamoja, kisha kundi zima.

"Babu, acha," Marleny akasema taratibu. "Wameshapita."

Aliendelea kuchokoa mpaka Chepe alipomshika bega.

Jioni ile Marleny alimpakulia supu yeye kwanza, kama siku zote, akamuuliza kama chumvi imetosha. Mzee angeshukuru kama angelaumiwa.

Wiki iliyofuata Marleny aliingia kazini kwenye kiwanda cha jibini. Mzee naye akaisugua rangi yote ya mianyani kwa tupa, akanunua ekseli yenye uwazi ndani na kutia wenzo, akamwita aone. Yeye mwenyewe alikuwa ameuzungusha kama nati. Marleny akaufungua, akakaza kidogo upande wa pili, kisha akaukunja kwa kiganja mpaka ukamwachia alama nyekundu kwenye ngozi. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu ajuaye jambo siku nyingi.

"Sasa iko sawa, Babu. Mpe Fanny, miguu yake imeshafikia pedali."

Fanny alikuwa binamu yake mdogo. Mzee akasema ndiyo, atampa. Marleny alipokwisha kwenda kazini, mzee aliufungua ule wenzo na kuukunja tena, kama alivyoonyeshwa, kisha akaitundika baiskeli ukutani.