Alama Kwenye Ufunguo

Ufunguo ulizunguka mlangoni, na Fundi, aliyekuwa amevaa soksi moja tu, akadhani ni mkewe amerudi kutoka bombani. Kisha akakumbuka kwamba mkewe hakuondoka na ufunguo. Aliondoka na ndoo, na kurudi kwake kungekuwa kwa kubisha hodi.

Aliyesimama kizingitini alikuwa mwanamke asiyemjua, godoro limeviringishwa kichwani, mtoto amelala mgongoni. Ndiye aliyewahi kuomba radhi, kana kwamba amemfumania mtu bafuni.

"Samahani kaka. Nimeambiwa chumba kiko wazi."

Fundi alitazama kitanda ambacho hakijatandikwa, meza ya bintiye iliyojaa madaftari, masufuria yaliyopandiana pembeni. "Umeambiwa na nani?"

Na mwenye nyumba. Mwanamke alitua godoro, akaeleza mambo yake kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alikuwa mpishi katika jiko la shule. Alipokuwa akiishi ametoka alfajiri, na mpangaji mwingine alikwishaingiza vitu kabla hata yeye hajamaliza kufagia. Kodi ya hapa ameshalipa, na karatasi anayo.

Fundi hakuiomba karatasi. Aliuomba ufunguo.

Miaka kumi na mbili alikuwa akichonga funguo kwenye kibanda chake karibu na posta, na kila ufunguo uliotoka mikononi mwake aliupiga tupa mara moja ubavuni, chini ya tundu la kamba. Alama hiyo ilimlinda na wateja wajanja waliomletea kazi mbovu za watu wakidai ni zake. Aliugeuza ule ufunguo kwenye mwanga wa dirisha. Alama ilikuwepo, tena nzuri, imenyooka.

Wiki mbili nyuma, mtoto wa marehemu mwenye nyumba, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, alifika kibandani na funguo saba za baba yake zilizotungwa kwenye waya. Wapangaji walimwita Meneja, kwa sababu ya kalamu tatu alizochomeka mfukoni siku zote. Alitaka nakala za funguo zote saba, za kuweka akiba. Moto ukitokea, alisema, tutavunja milango ya watu? Fundi alipofika ule wa nne aliutambua. Akacheka, akamwonyesha mteja aliyekuwa anasubiri: huu ni wa kwangu mimi. Alifurahi kwamba kijana anaijali nyumba. Hata malipo aliyakataa. Sisi ni wa nyumba moja, bosi, alimwambia.

Mkewe alibisha hodi, akaingia, akatua ndoo. Alimtazama mgeni, akalitazama godoro.

"Mgeni huyu ana adabu," alisema. "Amekuja na kitanda chake."

Alipoelezwa, alikaa juu ya ndoo ileile bila kujali maji. Binti yao alibakiza wiki tatu kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na shule ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Kwa dada wa mkewe, mahali pekee ambapo wangepokelewa, ni upande wa pili wa mji.

"Mimi sina ugomvi na mtu, dada," mpishi alisema. "Nyumba zangu mbili za nyuma nilitolewa hivihivi. Mtu alifungua mlango nikiwa ndani." Akamgeukia Fundi. "Kaka, niambie ukweli. Leo huyu mtoto nitamlaza wapi?"

Fundi alipaswa kusema hajui. Lakini alikuwa mtu ambaye huruma humtoka kinywani kabla ya hesabu.

"Nipe mpaka jua lizame," alisema. "Nikikwama, utaingia. Na ukishaingia, hakuna atakayekufungulia mlango kama ulivyonifungulia mimi. Hilo nakuahidi."

Mkewe aliinua macho, akamtazama, kisha akainuka kwenda kumtafutia mtoto kikombe cha maji.

Meneja alikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anachagua rangi. Hakuonyesha kushtuka. Alimpa Fundi kiti, akamuulizia hata familia. Fundi alimkumbusha kwa upole: miaka tisa, kodi haijachelewa, sakafu ya saruji aliiweka yeye, kwa mikono yake, na marehemu alimpa mkono mbele ya watu, akamwambia atakaa pale mpaka mwenyewe achoke. Kumdai mzee yule karatasi kungekuwa kumwambia usoni kwamba humwamini.

"Mkono wa baba tumeuzika," Meneja alisema, macho kwenye kopo la rangi. "Kama uliahidiwa na mkono, nenda kauulize."

Yule mama ana mkataba, aliongeza, na sasa mambo yote ni kwa maandishi. Halafu akamuuliza kama ile sakafu ingefaa kuwekewa vigae.

Ofisi ya mtaa ilikuwa na benchi moja na watu kumi na wanane. Fundi alisubiri mpaka saa tisa. Karani alimsikiliza huku akinywa chai, kisha akauliza swali ambalo Fundi alilitegemea.

"Mkataba uko wapi?"

Ulikuwa wa mdomo. Karani alitikisa kichwa kama daktari. Lakini nyuma ya kichwa hicho, ukutani, palikuwa na bango lililofifia, na Fundi alikuwa amelisoma mara nne akiwa kwenye benchi: mpangaji asitolewe bila taarifa ya mwezi mmoja, awe na mkataba wa maandishi au asiwe nao. Alilionyesha kwa kidole.

Karani hakugeuka. "Hilo ni la elimu kwa umma," alisema. "Wewe unataka kulalamika, na malalamiko yana fomu yake."

"Nipe hiyo fomu basi, mkubwa."

Karani aliitoa, akaweka kidole chini kabisa. Hapo palitakiwa sahihi ya mwenye nyumba, kuthibitisha kwamba mlalamikaji ni mpangaji wake.

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akajifanya anakohoa. Fundi aliisoma ile fomu, iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri wa ofisi. Mwandiko wa vichwa vyake, wenye herufi zilizolala kushoto, ulimkaa akilini mpaka aliporudi nyumbani na hatimaye kuisoma karatasi ya mpishi. Ulikuwa mwandiko uleule wa ofisi ya mtaa, na muhuri uleule. Tena karatasi yenyewe haikutaja ni chumba kipi, wala mpaka lini. Alimweleza mpishi hivyo bila kuficha kitu. Mwanamke aliikunja karatasi taratibu, akairudisha kifuani.

Jua lilikuwa limefika kwenye kingo za paa. Binti alikuwa amerudi kutoka shuleni, anasoma barazani na mtoto wa mgeni amempakata. Mkewe alimvuta Fundi pembeni.

"Baba watoto, wewe ni fundi. Toa kitasa hicho, weka kingine. Nani ataingia?"

Alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Kazi ya robo saa. Meneja angekuja na funguo zake saba, akahangaika mpaka akome, na wiki tatu si nyingi.

"Na huyu?" aliuliza.

Mkewe alisimama akimtazama mpishi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekalia godoro lake lililoviringishwa bila kuthubutu kulifungua. Kisha aliingia ndani, na Fundi akasikia masufuria yakianza kupangwa kwenye beseni.

Alifungua sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kilikuwepo kitasa kipya cha shaba alichokinunua kwa ajili ya kibanda chake, baada ya wezi kumvunjia mara mbili. Alikitoa kile cha zamani mlangoni, akapanua tundu kwa patasi, akakaza skrubu moja baada ya nyingine. Funguo zilikuwa tatu. Alizipiga alama zote, akamkabidhi mpishi zote.

"Meneja akija, mwambie funguo zake zimechakaa. Aje kwangu nimchongee."

Mpishi alicheka kidogo, akafuta macho kwa upande wa khanga, akasema hana cha kumlipa.

Waliondoka na mkokoteni wa kukodi, binti amekumbatia madaftari. Walipofika kwenye kona ya nyumba Fundi alipapasa mfuko kwa mazoea, kuhakikisha kama ufunguo anao. Alikuwa nao, ule wa zamani. Nyuma yao mlango ulifungwa, na yeye akasimama kusikiliza, kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza kazi ya mteja. Kitasa kililia mara mbili kutoka ndani, safi, bila kukwaruza.

"Kimekaa sawa," alimwambia mkewe, wakaendelea kusukuma.