Mnong'onezaji wa Pandelis Vourlas

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi, Evanthia, niliinama miaka ishirini na miwili: chini ya meza, nyuma ya makochi, mara moja ndani ya pipa la zeituni, nikimnong'onezea mchekeshaji Pandelis Vourlas maneno yake. Athens nzima ilimcheka Pandelis, na kila neno lililowachekesha lilipita kwanza mdomoni mwangu. Sijisifu. Nasema kilichokuwa.

Tulianzia kwenye kikundi cha maigizo kilichozunguka vijijini wakati wa njaa ya vita, tukilipwa mayai na mafuta ya kupikia. Kila kikundi kilikuwa na mnong'onezaji, maana mchezo ulibadilika kila siku na hakuna aliyepata muda wa kukariri. Baadaye watu wa filamu wakamwita Pandelis. Filamu ya kwanza alilipwa drakma elfu nane, akawanunulia viatu watu kumi na mmoja wa ukoo wake, yeye akabaki na vyake vya zamani. Kufikia mwaka wa sitini na nne alikuwa anapata laki moja na nusu kwa filamu, na akienda pwani watu waliacha kuogelea wakamkodolea macho. Bado hakusimama mbele ya kamera bila mimi. Sauti zilirekodiwa baadaye studioni, kwa hiyo nilinong'ona nitakavyo.

Mwezi wa pili mwaka huo Bwana Melakrinos, mwenye studio, akatuita ofisini. Mkataba ulikuwa mezani: filamu tatu, laki tatu kila moja.

"Ila kuna jambo," akasema bila kunitazama. "Tumenunua vipaza sauti vipya. Sasa sauti inanaswa papo hapo. Huyu mama hawezi tena kukaa chini ya meza akipiga domo."

"Domo?" nikamwambia. "Domo hili ndilo lililokujengea ghorofa kule Kifisia, bwana wewe!"

"Bi Evanthia, usikasirike. Tutakupa kiinua mgongo."

Kiinua mgongo! Kwa mgongo nilioumalizia chini ya meza zake! Nilikuwa na miaka hamsini na minane, sina mume, sina kazi nyingine ninayoijua. Nikamgeukia Pandelis, nikitegemea atanguruma. Pandelis akachukua kalamu. Kisha akaiweka chini.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Una wazimu, Melakrinos? Jumanne ni siku ya mkosi, Konstantinopoli ilianguka mikononi mwa Waturuki Jumanne! Mama yangu hakuthubutu kukata hata kitambaa Jumanne, nawe unataka nitie saini?"

Melakrinos akajipiga kofi kwenye paji la uso. Naye ni Mgiriki, alijua amekosea, na hakuna wakili wa kumtoa hapo.

"Haya, tusaini kesho. Lakini leo tufanye jaribio. Onyesho moja, bila mama. Nione kama unaweza."

Wakaniweka chumba cha sauti, nyuma ya kioo. Nasema wazi: niliomba asahau. Onyesho lilikuwa la bwana harusi anayemposa msichana mbele ya kaka zake watatu, kurasa tano, maneno chungu nzima. Pandelis aliyatoa yote. Hakuruka neno, hakukwama, hakumeza hata silabi. Fokion, mwongozaji, akapaza sauti, "Kata! Safi kabisa!" Melakrinos akapiga makofi.

Nikatoka kwa hasira nikaenda jikoni mwa studio kuchemsha kahawa. Pandelis akanifuata.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini, dada?"

"Usinifanye mtoto, Pandelis. Tangu lini unakariri?"

Akajikuna shingo. "Tangu tulipokuwa Lamia."

Lamia! Mwaka wetu wa pili! "Miaka ishirini na mmoja unanitambaza kama mjusi, magoti yameisha, kumbe maneno unayajua?" Nikamtupia kijiko. Kilimpata sikioni.

"Nilivyoigiza leo," akasema akilishika sikio, "nimechekesha?"

"Hata kidogo. Umesoma kama karani wa mahakama."

"Basi ndiyo hivyo. Jukwaani nawasikia watu. Kwenye filamu wote wako kazini, wamefumba midomo, utadhani tuko mazishini. Wewe ukiwa pale chini, nakusikia. Nikichekesha unakosa pumzi kwa kicheko, neno linalofuata linachelewa. Nisipochekesha, linakuja moja kwa moja. Bila wewe nitajuaje?"

Nililia, sioni haya kusema. Halafu nikamwambia kwamba bado ni mpumbavu, maana jambo kama hilo mtu huambiwa mapema, magoti yakiwa bado mazima.

Jumatano akasaini kwa laki mbili na nusu badala ya tatu. Kwa mkono wake mwenyewe akaongeza mstari mmoja: Evanthia atakaa kitini kando ya kamera, mahali ambapo Pandelis anamwona, atalipwa kwa siku, na hatasema neno.

"Unatupa elfu hamsini kila filamu," Melakrinos akalalamika, "kwa mama wa kukaa kitini?"

"Rahisi hiyo. Vipaza sauti vyako ni ghali zaidi, na kucheka havijui."

Siku ya kwanza ya kazi nilikaa kitini, mikono mapajani, bila karatasi. Walirudia lile onyesho la posa. Mafundi wa taa waliuma midomo, Fokion alitabasamu mpaka masikioni, hata Melakrinos alitikisika mlangoni. Pandelis akanitazama. Nikakaza uso.

"Tena," akasema.

"Lakini ilikuwa nzuri, Bwana Pandelis!" Fokion akapinga.

"Tena."

Mara ya saba, kaka mkubwa alipomuuliza ana mali gani, Pandelis alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kuhesabu vifungo vya koti lake, polepole, na alipofika cha tatu akakuta hakipo. Niliuma kitambaa changu cha kichwa nisiwaharibie sauti yao, machozi yakinichuruzika.

Pandelis akavua kofia. "Ndiyo hiyo," akasema, na hakumngoja mwongozaji.