Kipa Aliyeitwa Chujio

Fundi Barafu hakuwa na jema la kusema kuhusu timu ya Nyuki, na hakuwahi kukosa mechi yao hata moja. Kwa miaka ishirini na mbili, kila Nyuki walipocheza nyumbani, alikaa nyuma ya goli, safu ya tatu, na karanga zake kwenye karatasi, akawasema kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mshambuliaji wa kati alimwita Sanamu. Beki wa kulia alimwita Likizo, kwa kuwa hakuonekana kazini. Kocha, bwana mmoja mnene aliyevaa suti jua likiwaka, alikuwa Bwana Harusi.

Lakini jina lililomjengea heshima uwanja mzima ni lile alilompa kipa. Msimu uliopita kipa huyo alifungwa mabao matatu ndani ya dakika kumi. La tatu lilipoingia, Fundi Barafu alipanda juu ya benchi, akakusanya pumzi, akapaza sauti: "Huyo si kipa, huyo ni chujio! Kila kitu kinapita, yeye anabaki na makapi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Wiki iliyofuata jina lilikuwa limeshaenea jukwaa zima, na baada ya mwezi hata wapinzani walikuja wanaliimba. Fundi Barafu alitembea kifua mbele kama mtu aliyefunga bao fainali. Maishani mwake alikuwa ametengeneza majokofu yasiyo na idadi, na hakuna aliyemkumbuka kwa hata moja. Kwa neno hilo moja, watu asiowajua walimpa mkono.

Msimu huu Nyuki waliuanza kama kawaida yao, yaani vibaya. Timu mbili za juu zingepanda daraja moja kwa moja, na nne zinazofuata zingeingia kwenye mchujo kugombea nafasi iliyobaki. Zilipobaki mechi tano, Nyuki walikuwa wa tisa. Fundi Barafu aliwatangazia mazishi. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, Nyuki wakashinda. Wakashinda tena. Wakatoka sare, wakashinda ya tatu. Wakajikuta wa saba, pointi moja nyuma ya timu ya kiwanda cha saruji iliyokuwa ya sita, na imebaki mechi moja.

Hapo ndipo maradhi yalipomwanza. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya maduka, majokofu mabovu yamepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari, mengine hayana milango. Juu ya mitungi ya gesi alibandika msimamo wa ligi alioukata gazetini, na kila baada ya kukaza nati mbili aliinua macho kuutazama, kana kwamba unaweza kubadilika Jumanne mchana.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa mwalimu wa hesabu. Jioni moja alipita hapo na daftari.

"Shem, nimepiga hesabu," alisema, akiketi juu ya kompresa. "Tukishinda Jumamosi, na Saruji wasishinde, tumeingia."

"Hiyo ndiyo hesabu uliyosomea miaka minne? Hata mbuzi anaijua hiyo."

"Na Saruji nao wakishinda, basi tena."

"Ahsante, profesa." Fundi Barafu alitupa bisibisi mezani. "Sikia nikwambie. Hawa hawaingii popote. Sanamu hajafunga tangu mvua za mwaka jana. Na hata wangefunga kumi, nyuma kuna Chujio. Umewahi kuona wapi chujio likavuka mchujo?"

Mwalimu alicheka, akafunga daftari. Wala hakujua kwamba shemeji yake alikuwa na daftari la kwake, lililofichwa chini ya vipuri, lenye hesabu hizo hizo zimeandikwa mara kumi na moja.

Nyumbani hakudanganyika mtu. Mkewe alimkuta bafuni, povu kichwani, maji yamefunguliwa bure, ananong'ona: "Saruji watoke sare. Sare tu, jamani, hata ya bila kufungana."

"Baba watoto, unaongea na nani?"

"Na sabuni."

"Iambie sabuni chakula kinapoa." Na chakula chenyewe alikigusa kidogo, akasema hakina chumvi, wakati chumvi ilikuwa imezidi.

Siku ya Jumatano simu iliita. Mama mmoja, sauti kavu isiyopenda kupoteza muda, alisema friji yake haipozi, dawa zake za sukari amezipeleka kwa jirani, na jirani mwenyewe ana mdomo. Fundi Barafu akabeba mtungi, pampu na kifaa cha kuchomelea, akaenda.

Ilikuwa nyumba ndogo yenye sakafu inayong'aa, makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vilivyonyooshwa mpaka mtu anaona haya kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Vua viatu. Mgonjwa yuko jikoni."

Alilivuta jokofu, akaweka sikio, akapapasa mabomba kwa nyuma. Kompresa ilikuwa nzima, ina joto la kutosha. Pale ambapo gesi ilipaswa kupita, bomba lilikuwa la baridi na lina ukungu. Alijua ugonjwa kabla hajafungua mkoba.

"Si kazi kubwa, mama. Chujio ndilo limeziba."

Mama yule, aliyekuwa anamenya viazi, aliacha kisu.

"Umesema nini?"

"Chujio. Hiki kidude cha shaba hapa, kinachosafisha gesi isi..."

"Neno hilo halitamkwi humu ndani. Tafuta jingine."

Fundi Barafu alishangaa, kisha akainua macho. Juu ya friji, kwenye fremu ya kioo, kulikuwa na picha ya kijana mrefu aliyevaa jezi ya milia myeusi na ya njano, glovu mkononi. Alimtambua mara moja.

"Huyo ni mwanangu," mama alisema. "Ndiye kipa wa hao Nyuki wenu. Mimi mpira siujui, lakini mwaka jana nilisema niende nimwone japo mara moja. Nikavaa gauni langu jipya, nikakaa na wenzangu wawili wa kanisani. Basi akatokea mwendawazimu mmoja nyuma ya goli, akapanda juu ya benchi. Uwanja mzima ukamcheka mwanangu na mimi nimekaa pale na gauni langu. Wenzangu walitazama chini. Wewe huwa unakwenda?"

"Mara... mara chache, mama. Kazi nyingi."

"Hukumsikia mtu huyo?"

"Kelele huwa nyingi pale."

"Basi ukimjua, mwambie nampa pole. Mtu mzima aliyeacha nyumba yake kwenda kumtafutia jina mtoto wa mwenzake, huyo hana shughuli. Na usidhani namtetea mwanangu. Ni mzembe, tangu mdogo anachelewa kuinua mikono, hata vikombe alikuwa anaviangusha. Lakini kumsema ni kazi yangu. Nimemzaa mimi, hakuzaliwa na uwanja."

Fundi Barafu aliinamisha kichwa nyuma ya friji na kufanya kazi kama anayekimbizwa. Lakini kazi ile haikimbiziki. Kutoa gesi ya zamani, kukata, kuchomelea kidude kipya, kisha pampu ivute hewa yote kwa zaidi ya nusu saa, huku fundi hana la kufanya ila kusubiri na kuambiwa anywe chai. Aliinywa. Ilimwunguza, hakuthubutu kupuliza.

Pampu ikiwa bado inaunguruma, mlango ulifunguliwa. Kipa aliingia na begi la mazoezi, vidole viwili vimefungwa bandeji pamoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," alijibu Fundi Barafu, kwa kisauti cha kuazima.

Kipa alisimama. Akaweka begi chini taratibu. "Samahani, sikusikia vizuri. Marahaba?"

"Ndiyo. Marahaba. Hujambo."

Kijana alimtazama, akamtazama tena. Masikio ya Fundi Barafu yalikuwa yanawaka. Hakuna mtu duniani aliyeisikia sauti ile kwa karibu na kwa muda mrefu kama kipa yule, dakika arobaini na tano kila alipolinda goli la upande ule.

"Vipi, mnajuana?" mama aliuliza.

"Hapana, mama," kipa alisema. "Nilimfananisha."

Gesi ilipojazwa na friji ikaanza kupoza, kipa alimsaidia kubeba mtungi mpaka nje. Alipofika barabarani aliuweka chini.

"Safu ya tatu," alisema.

Fundi Barafu alikohoa. "Unajua, mpira ni utani. Ushabiki tu, mdogo wangu, hakuna..."

"Usiniite mdogo wako. Mimi si ndugu yako. Mama akijua ni wewe, chai yake utaitapika. Nimenyamaza kwa ajili yake, si yako." Alifuta kiganja kwenye suruali. "Friji umetengeneza vizuri. Ahsante."

Akageuka aende. Hapo mtu mwenye haya angebeba mtungi wake na kutokomea. Fundi Barafu alijaribu, hatua tatu nzima. Kisha maradhi yakamzidi.

"Samahani! Hivi... Jumamosi tutashinda?"

Kipa aligeuka, akamwangalia kuanzia viatu mpaka nywele, kama anayetafuta pa kuanzia kumcheka.

"Hata sasa unauliza?" alisema. "Kweli nyinyi watu hamna dawa." Akaingia ndani.

Jumamosi, Fundi Barafu alikwenda uwanjani na mwalimu. Alikaa palepale, safu ya tatu. Majirani wakamsubiri aanze. Hakuanza. Sanamu alipokosa bao la wazi, alitafuna karanga. Likizo alipoupoteza mpira, alitafuna karanga nyingine.

"Shem, unaumwa?" mwalimu aliuliza.

"Angalia mpira."

Dakika ya sitini na nne, katika kugombania mpira wa kona, ukamgonga Sanamu mgongoni, ukaingia wavuni. Uwanja ulipasuka. Mwalimu alikuwa na redio sikioni: Saruji na wapinzani wao bado hawajafungana. Kwa dakika ishirini na nne zilizobaki kabla ya ile ya themanini na nane, Fundi Barafu alikufa na kufufuka mara nyingi. Kisha Likizo akamvuta mtu jezi ndani ya eneo la hatari, mbele ya macho ya mwamuzi. Penalti dhidi ya Nyuki, kwenye goli lile lile la mbele yao.

Kipa alikuja kusimama kwenye mstari, hatua chache kutoka safu ya tatu. Watu wote pale nyuma waliinuka kwa pamoja. Wengine walishaanza: "Chu-jio! Chu-jio!" mashabiki wa Nyuki wenyewe, kwa kipa wao wenyewe. Fundi Barafu aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mpigaji akapiga kulia. Kipa, aliyeambiwa tangu mdogo kwamba anachelewa kuinua mikono, hakuinua mikono. Aliutoa kwa goti, bila hata kukusudia vizuri, mpira ukaruka juu ya mwamba na kwenda kumwangukia muuza maji.

Walishinda. Saruji wakatoka sare. Nyuki wakaingia kwenye mchujo, na Fundi Barafu alimkumbatia mwalimu, muuza maji na mtu mwingine ambaye alikuwa shabiki wa timu pinzani.

Kama mambo yangeishia hapo, angezeeka mtu mwenye furaha. Lakini mchujo ulichezwa ugenini, kwa timu iliyoshika nafasi ya tatu, na Nyuki walikwenda huko kama watu waliopotea njia. Mpaka mapumziko walikuwa wamefungwa mawili. La tatu lilitoka kwa Likizo, aliyeuweka mpira mwenyewe golini kwake kwa ustadi ambao hakuwahi kuuonyesha upande wa pili. La nne lilipita katikati ya mikono ya kipa na vidole vyake vilivyofungwa. Mashabiki mia tatu waliosafiri kwa mabasi muda wa saa tano wakalianza jina, kwa nguvu, kwa kupiga makofi.

Fundi Barafu alisimama, akawageukia.

"Nyamazeni! Ana vidole vimevunjika, hamuoni? Mjinga ni yule Likizo! Acheni hilo jina!"

"Aa, mzee, si lako hili?" jamaa mmoja aliyejipaka rangi za Nyuki usoni alimwuliza. "Si ulilitoa wewe?"

"Basi nalirudisha! Nimelifuta!"

Walicheka kuliko walivyocheka siku ile ya kwanza. Mmoja alimpigia saluti. Mwingine akasema mzee ameahidiwa jezi. Kisha wakaendelea kuimba, na sasa walimwimbia yeye pia usoni, kwa heshima zote, kama wanaomkumbusha mtu kazi yake nzuri. Alipaza sauti mpaka ikakatika. Haikufika hata safu ya pili.

Kipa alihama mwisho wa msimu, akaenda timu ndogo zaidi, mbali, pamoja na mama yake. Fundi Barafu alisoma habari hiyo gazetini, mistari miwili chini ya tangazo la matairi. Alitaka kumpigia yule mama kuuliza kama friji ilivumilia safari. Alishika simu, akaiweka, akaenda kufungua kompresa ya mtu.

Msimu mpya ulipoanza, Nyuki walileta kipa mwingine, mfupi, mwenye miguu ya upinde. Mechi ilikuwa haijafika dakika ya tano, na safu ya nne mtu alikuwa tayari anamtafutia jina.

"Hajafungwa hata moja, nyie!" Fundi Barafu alifoka bila kugeuka. "Mwacheni kwanza afungwe."

Kisha akaitazama ile miguu kwa muda mrefu. Majina matatu yalimjia hapo hapo, yote mazuri, moja likiwa bora kuliko lile la zamani. Akajaza karanga mdomoni mpaka mashavu yakamvimba.

"Shem," mwalimu alimwuliza, "mwaka huu unaonaje?"

Fundi Barafu alitafuna, akameza kwa shida.

"Takataka," alisema. "Nipe hilo daftari lako nione."