Mikono Miwili ya Ghislain

Ufalme wa mababu zake Hye-won kule Korea ulikwisha zamani, lakini bibi yake aliuhamishia London, ndani ya nyumba ya matofali yenye mapazia mazito. Humo, mwaka 1998, mjukuu bado aliitwa binti mfalme. Hakutoka bila dereva, na alikwisha kuchumbiwa na kijana wa Seoul aliyemwona kwenye picha tu.

Aliyemwonea huruma ni Sidonie, Mkongo aliyefanya usafi pale. Siku bibi alipolazwa hospitali kutibiwa macho, Sidonie alimpandisha Hye-won basi hadi Peckham, kwenye duka la mdogo wake, Ghislain.

Hye-won alinunua mkungu mdogo wa ndizi. Ghislain alimkabidhi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kichwa kimeinama. Moyo wa Hye-won uliruka. Kwao, mtu wa kuheshimiwa hupewa kitu hivyo hivyo, na tangu aje Uingereza wauzaji walikuwa wakimsukumia vitu juu ya kaunta. Huyu amenijua, aliwaza.

Jumamosi zilizofuata akawa anatoroka na Sidonie.

"Usizibonyeze hivyo, binti mfalme," Ghislain alimtania kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Ndizi si mashavu ya mtoto."

Hye-won alicheka mdomo wazi, kitu ambacho nyumbani kilikuwa kosa. Usiku alilala na kicheko hicho kifuani.

Harusi ilipokaribia, alimwambia bibi kwamba haolewi. Yuko mtu anayemheshimu kwa adabu ya nyumba yao. Alipoulizwa ni nani, alimtaja, akalitaja duka, akamtaja na aliyempeleka. Alidhani ukweli ukisemwa kwa upole haumdhuru mtu.

Kisha akakodi teksi. Dukani alimkuta mlevi mmoja, suruali imelowa, ananunua kiberiti. Ghislain alimpa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, kichwa kimeinama.

"Unampa hivyo kila mtu?"

"Sasa nimpe vipi? Mama angenichapa."

"Nimemkataa mchumba wangu kwa ajili yako."

Ghislain alicheka, akamwangalia, akaacha kucheka. "Dada, mimi nina Armelle. Anakuja Desemba."

Kabla hajajibu, Sidonie aliingia na mfuko wa nailoni wenye ndala na glavu zake za kazi.

"Bibi yako amenifukuza. Mbele ya dereva."

"Nilimwambia ulinitendea wema."

"Ulimwambia jina langu."

Sidonie alimpita, akamgeukia mdogo wake, akasema kwa Kiswahili: "Nipe aproni, nianze hata leo. Na umutoe huyu pa mlango, anazibia watu njia."

"Yaya," Ghislain alimwita dada yake, "anakutazama."

"Atazame."

"Anasemaje?" Hye-won aliuliza.

Ghislain alifuta kaunta iliyokuwa safi. "Anasema karibu tena."

Hye-won alimwinamia Sidonie mpaka kiunoni, heshima ambayo binti wa nyumba yao hakuwahi kumpa mtumishi, akamshukuru. Sidonie alikuwa anafunga aproni, amempa mgongo.